Gari linamisi na kuzima: kwanza liulize linazima lini

Mtu akiniletea gari linalomisi huwa simuulizi amebadilisha nini. Namuuliza linazima lini. Asubuhi likiwa baridi? Mchana kwenye foleni ya Buzuruga, hapa Mwanza? Likipanda Bugando? Baada ya mvua? Wengi jibu hawana, ila kwenye buti wana boksi la spea: plagi mpya, koili, pampu, na risiti zake. Gari bado linazima.

Somo hili ni la magari ya petroli ya zamani yenye distribyuta (kile kigawa umeme wa plagi) na nyaya za plagi: Corolla AE100, Carina, Corona na ndugu zao. Kama lako lina koili juu ya kila plagi, njia ni ileile, utaruka tu sehemu ya nyaya. Wa dizeli nisameheni, yenu ni habari nyingine.

Tuelewane kwanza kwenye jambo moja. Kumisi na kuzima si ugonjwa mmoja. Injini ikimisi, silinda moja haichomi: gari linatikisika na ekzosi inakatakata mlio. Likizima ghafla barabarani, injini nzima imekosa kitu ambacho silinda zote zinakitegemea, yaani umeme wa kuwashia, mafuta au hewa. Kwa hiyo fundi akikwambia gari lilizima ukiwa mwendo wa 80 kwa sababu ya plagi moja, muombe arudie taratibu.

Hatua ya 1: daftari kabla ya spana

Siku tatu andika kila linapozima: saa, joto, mvua, mlima au tambarare, AC imewashwa au la, tangi lina mafuta kiasi gani. Ukishaandika, sababu zinapungua zenyewe.

Linasumbua likiwa baridi tu na likipata moto linatulia: shuku sensa ya joto la maji, au vali ya sailensa (sailensa ni injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta). Linazima likipata moto, ukingoja dakika 20 linawaka kama hakuna kilichotokea: koili, ignaita (swichi ya umeme wa koili), pikapu (sensa iliyo ndani ya distribyuta), au pampu ya mafuta. Linazima ukisimama tu: throto (mlango wa hewa ya injini) chafu, au injini inakula hewa ya wizi, yaani inayopenya kwenye ufa. Linasumbua siku za mvua: nyaya na kifuniko cha distribyuta.

Mlimani pana utata, na kwa Mwanza yetu hii ya mawe na miinuko lazima tupaelewe. Ukikanyaga mafuta kupanda, hewa nyingi inaingia kwenye silinda na mgandamizo unapanda. Cheche kuruka kwenye hewa iliyobanwa hivyo inahitaji umeme wenye nguvu zaidi. Waya uliochoka, ambao tambarare ulikuwa unavumilia, hapo unaona rahisi kuvujishia umeme kwenye bodi ya injini kuliko kuupeleka kwenye plagi. Lakini filta ya mafuta iliyoziba nayo hujionyesha mlimani, kwa kuwa hapo ndipo injini inaomba mafuta mengi. Namna ya kutofautisha: umeme mbovu unakatakata, mafuta machache yanafanya gari lizidi kulegea polepole kama limechoka.

Hatua ya 2: vya bure

Vichwa vya betri, waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi, filta ya hewa. Halafu hozi ndogo za hewa nyuma ya throto. Mpira wa miaka 30 hupasuka ukiugusa. Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe mara nyingi inatoka hapo. Kwenye AE100 chunguza sana kale kampira kembamba kanakokwenda kwenye sensa ya mgandamizo wa hewa. Kakipasuka, kompyuta inadhani injini ina mzigo mkubwa, inamwaga petroli, moshi mweusi unatoka na gari linazima. Ni kampira ka bei ya chai na chapati, na nimeona mtu akibadilishiwa nozeli zote nne, zile za kupulizia petroli, kwa ajili yake.

Hatua ya 3: soma taa

Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cheusi chenye maandishi ya kupimia. Ndani kuna matundu yenye majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, usikosee tundu, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni kipimo cha hewa au mgandamizo, 41 ni sensa ya throto, 14 ni umeme wa kuwashia. Kosa linakwambia saketi ipi ina tatizo, nalo linaweza kuwa soketi yenye kutu. Angalia waya kabla ya kununua sensa.

Hatua ya 4: mtafute mvivu

Injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda inayofuata. Silinda yenye afya ukiichomolea, injini inashuka na kutikisika. Ukichomoa na mlio usibadilike, umempata. Mafundi wengi hapa hutenda hivyo kwa kung'oa waya wa plagi. Mimi nimeacha. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua ignaita, au ukupitie wewe mkononi, na petroli isiyochomwa inakwenda kupikika kwenye ekzosi.

Hatua ya 5: plagi, nyaya, kifuniko

Toa plagi zote nne uzipange mezani kwa namba. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria ina petroli nyingi. Nyeusi yenye oili: ringi au sili za valvu. Ila kama oili imelowesha upande wa nje tu, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inavuja ndani ya vishimo vya plagi, na hiyo peke yake inatosha kumisisha gari.

Nyaya zipime kwa mita. Vitabu vya Toyota vya injini hizi vinakubali hadi kiloomu 25 kwa waya. Zaidi ya hapo ni wa kutupa. Weka alama kabla ya kung'oa, maana mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukichanganya nyaya mbili utajitengenezea ugonjwa mpya. Ndani ya kifuniko tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya nguzo na nguzo. Huo ni ufa ambao umeme umeshaugeuza barabara.

Mita isipoonyesha kitu, ngoja usiku. Mwalimu mmoja wa Isamilo alinijia na Carina iliyopita gereji tatu. Pampu mpya, koili mpya, plagi mpya. Daftari lake lilisema mvua na mlima, basi. Saa mbili usiku tulizima taa zote uani, tukawasha injini, nikapulizia maji kwa kile kichupa cha kupigia pasi, mbali na mikono yetu. Waya wa silinda ya 3 ukaanza kucheza cheche za buluu hadi kwenye chuma. Mwalimu alicheka, halafu akanyamaza, nadhani alikuwa anapiga hesabu. Sijitoi: miaka ya nyuma nami nilimuuzia mtu pampu ambayo hakuihitaji.

Hatua ya 6: mafuta

Likizima likiwa na moto, usisubiri lipoe. Wakati huohuo chomeka plagi ya akiba kwenye waya, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, ishike kwa plaizi yenye mpira, mwenzako apige stata. Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Kwenye kiboksi kile cha hatua ya 3 unganisha FP na +B, washa swichi, pampu itanguruma kwenye tangi. Kimya? Anza na fyuzi, rilei na waya, pampu iwe ya mwisho. Inanguruma lakini gari haliwaki? Badilisha filta kwanza.

Maswali ya wanachama

*Fundi, gari yangu inazima nikiwasha AC kwenye foleni tu. Nikitembea haina shida.*

Kompresa ni mzigo, na injini inatakiwa kujiongezea hewa ikiubeba. Safisha throto na vali ya sailensa. Usikimbilie kupandisha skrubu ya sailensa. Utaficha ugonjwa na kula mafuta.

*Shikamoo fundi. Nimeoshewa gari ziwani juzi, tangu hapo inamisi asubuhi.*

Marahaba, mwanangu. Maji yameingia kwenye distribyuta au vishimo vya plagi. Fungua kifuniko, futa kwa kitambaa kikavu, vishimo vipulize kwa upepo wa kompresa. Ikirudi baada ya kukauka, kifuniko kina ufa. Halafu uoshee mbali na ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ufukwe ndani ya mita 60, na sato tunawala sisi wenyewe.

*Niko Sengerema ndani huku. Nimeweka petroli ya chupa, gari halivuti na linakohoa.*

Chukua kidogo kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji hukaa chini, utaona mpaka. Kwa mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi: petroli safi hukauka upesi, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ukikuta lolote kati ya hayo, shusha tangi na ubadilishe filta. Vituo vikubwa mafuta yao huwekwa alama, na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huyakagua; chupa ya barabarani haina wa kuikagua.

*Nimepima kwa mashine, inasema hakuna kosa. Basi kumisi kunatoka wapi?*

Kompyuta za miaka ile hazihesabu silinda inayoruka kama za magari mapya. Waya ukivuja, kwake mambo ni shwari. Rudi hatua ya 4.

*Fundi, mgandamizo wa silinda kitabu kinasema kama psi 190, mimi nimepata 165 silinda zote nne. Ringi zimekwisha?*

Hapana, kaka. Vitabu hupima usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu yake, hewa ya huku ina kama asilimia 88 ya mgandamizo wa pwani. Piga hesabu: 190 inakuwa 167. Mgonjwa ni yule ambaye silinda moja imeachana na wenzake kwa zaidi ya 14 hivi.

*Mimi langu linazima kila nikitoka Mwanza kwenda Magu, baada ya nusu saa, halafu linawaka lenyewe. Nimebadilisha pampu mara mbili.*

Likizima safari ijayo, usifungue boneti. Fungua kifuniko cha tangi, uniambie umesikia nini.

*Fundi, ni yule wa Magu. Limevuta hewa fyuuu, nikapiga stata mara moja likawaka. Nimefika na kifuniko kimelegezwa.*

Tundu la kupumulia limeziba. Tangi lilikuwa linajinyonga. Tafuta kifuniko kizima, hicho cha kulegeza kitamwaga petroli kwenye kona. Na zile pampu zako mbili za zamani usizitupe, niletee moja niipime.