Kushika bomba bila kuyumba: mwongozo kwa abiria wanaosimama katika daladala za Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni kwa abiria wa Coaster na vifodi, yaani daladala ndogo zenye paa fupi, ambao asubuhi na jioni hukuta siti zimeshajaa na konda bado anaita. Nimefanya kazi ya ukonda katika njia za Arusha na Moshi, na mtu anayeshinda amesimama garini hutambua mapema kwamba kinachomshikilia ni miguu, na mkono ni wa akiba. Abiria wengi hufanya kinyume: hukamata bomba kwa nguvu zote huku miguu yao imebanana, kwa hiyo dereva akifunga breki uzito wa mwili mzima huangukia bega moja.

Hatua ya kwanza: jiandae ukiwa bado kituoni. Nauli iwe mkononi au katika mfuko wa shati, kwa sababu kuchokora pochi huku gari linaondoka ndiko kunakowaangusha watu wengi. Begi la mgongoni livae kifuani. Ukiwa na mzigo wa mkononi, mwombe aliyekaa, "Samahani mama, naomba unishikie". Ni nadra mtu kukataa.

Hatua ya pili: chagua mahali. Konda akisema songa nyuma, songa, lakini usiende hadi mwisho. Katika Coaster, sehemu iliyo nyuma ya tairi za nyuma ndiyo inayorushwa zaidi gari linapovuka tuta, na mlangoni utasukumwa kila kituo na wanaoshuka na wanaopanda. Pazuri ni katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma, na ikiwezekana kando ya abiria aliyeanza kukusanya mizigo yake na kuchungulia dirishani, kwa kuwa huyo yu karibu kushuka na siti yake itakuwa yako.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote, ni kupanga miguu. Breki humtupa abiria mbele na kuondoka kwa ghafla humrudisha nyuma, kwa sababu mwili hutaka kuendelea na mwendo uliokuwa nao kabla gari halijabadilisha wa kwake. Kona nazo humtupa pembeni. Ukisimama ukitazama mbele huku miguu ikiwa sambamba, huna kitu cha kukuzuia dhidi ya breki. Kwa hiyo geuka kidogo, mwili uwe mshazari kwa uelekeo wa gari, mguu mmoja uwe mbele na mwingine nyuma, na nafasi kati yake itoshe upana wa mabega. Magoti yalegee kidogo, yasikazwe hata kidogo, maana goti lililokazwa hupeleka mshtuko wa tuta moja kwa moja kiunoni, na mtu anayesimama muda mrefu bila kuchezesha misuli ya miguu huweza kupata kizunguzungu kwa kuwa damu hutuama chini. Inua visigino taratibu mara kwa mara, kisha hamishia uzito mguu wa pili. (Anayekwenda Dar es Salaam na kupanda treni za mjini atumie kanuni hiyo hiyo, ila atanue miguu zaidi kwa upande, kwani behewa huyumba pembeni kuliko linavyorusha juu.)

Hatua ya nne: mkono. Shika bomba huku kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, bila kuning'inia, na badilisha mkono kabla ganzi haijaanza. Pasipo na bomba, shika pembe ya juu ya siti iliyo upande wa njia, vidole vikizunguka fremu yenyewe. Ukishika kitambaa kitateleza, na ukishika katikati ya siti utavuta kilemba cha mama aliyekaa. Usishike kamwe ukingo wa mlango wa kifodi, kwa sababu mlango ule huburutwa na kufungwa kwa nguvu, na konda haangalii vidole vya mtu.

Hatua ya tano: soma barabara. Tafuta upenyo kati ya vichwa vya watu uone kioo cha mbele, na sikiliza injini, kwani dereva akipunguza gia ujue breki inafuata. Kutazama mbali mbele hupunguza pia kichefuchefu, ambacho huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho yaliyoinamia simu hayauoni. Katika kipilefti, kama kile cha Mnara wa Saa mjini Arusha, mwili hutupwa mara tatu: kulia gari linapoingia, kushoto linapozunguka, kisha kulia tena linapotoka. Ukiijua zamu hiyo, utahamisha uzito kabla ya gari kukuhamisha. Kwa wanaokwenda Moshi, jiandae baada ya Bomang'ombe, kwa sababu mteremko wa kuelekea daraja la Mto Kikafu una breki na kona kwa pamoja, na hapo mikono yote miwili iwe imeshika.

Kifodi kina shida yake: paa ni fupi na mtu mzima hawezi kusimama wima. Usiinamishe shingo na mgongo peke yake. Kunja magoti na nyonga, egemeza paja au kiuno ubavuni mwa siti, na kichwa kikae usawa wa kuiona barabara. Hata hivyo, kwa maoni yangu mkao huo unafaa kwa vituo vichache tu. Kutoka Usa River hadi Arusha mjini ni afadhali kusubiri gari jingine. Na konda akikuambia uchuchumae kwa sababu kuna trafiki mbele, gari hilo limebeba kupita uwezo wake, na ni haki yako kushuka kituo kinachofuata.

Hatua ya mwisho ni kushuka. Sema mapema, "Konda, shusha," lakini usiache ulichoshika hadi gari lisimame kabisa. Unaposogea kuelekea mlangoni, shika kwanza siti ya mbele yako, ndipo uachie ya nyuma. Kabla ya kukanyaga chini, chungulia upande wa nyuma wa gari, kwa sababu bodaboda wengi hupenya kushoto, kati ya daladala na ukingo wa barabara, wakati huo huo abiria wanaposhuka.