Jinsi ya kufukua asili ya kivumishi adimu cha Kiingereza: mfano wa "sesquipedalian"

Kamusi ndogo itakupa maana ya kivumishi kigeni kwa mstari mmoja. Kwa sisi watafsiri mstari huo hautoshi, kwani hausemi kama neno limebeba heshima au kejeli. Mimi hulifuata neno hadi lilikotoka. Tuchukue "sesquipedalian", linalotamkwa takriban seskwipideilian, mkazo ukiwa kwenye "dei".

Hatua ya 1: Livunje. Viambishi "-al" na "-ian" kazi yao hapa ni kuunda kivumishi, viweke kando. Vinabaki "sesqui", Kilatini cha moja na nusu, na "ped", mguu. Mguu wenyewe hapa ni kipimo: futi moja na nusu.

Hatua ya 2: Hakiki vipande kwa ndugu zake. "Sesquicentennial" ni maadhimisho ya miaka 150, na "pedal" hukanyagwa kwa mguu. Sawa. Ila "pedagogue", yaani mwalimu, hayumo katika ukoo huu: "ped" yake ni ya Kigiriki, nayo ni mtoto. Wengi hunasa hapo, kwa hiyo usikisie; fungua kamusi yenye etimolojia, yaani asili ya maneno. Chaguo langu ni Oxford English Dictionary, maana hupanga mifano ya matumizi kwa miaka, ya kale ikitangulia.

Hatua ya 3: Tafuta maana ilipogeuka. Hii ndiyo hatua tamu. Kwa Warumi, "sesquipedalis" kilikuwa kipimo cha kawaida kabisa. Waliita hivyo hata matofali yao ya takriban sentimita 44 kila upande. Mshairi Horace, aliyefariki mwaka 8 KK, akakipeleka kwenye lugha. Akiwashauri watunzi wa tamthilia, alisema Telephus na Peleus, mashujaa wa visa vya Kigiriki, wakiwa maskini walio uhamishoni, huachana na majigambo na "sesquipedalia verba", maneno ya futi na nusu, wakitaka kumgusa mtazamaji. Na kweli, nani atamlilia fukara anayeongea matofali? Kiingereza kikalipokea neno hilo katika karne ya 17, na dhihaka yake.

Hatua ya 4: Tafsiri pamoja na ladha. Leo kivumishi hiki hueleza neno refu, au mtu anayependa maneno ya namna hiyo, mara nyingi kwa utani. Ukiandika "-refu" peke yake, utani umekufa. Kwa maneno, jaribu "marefu ya kujikweza". Kwa mtu, "mpenda misamiati mizito". Kwenye ripoti isiyo na mzaha, "maneno marefu" yanatosha.