Mteja wa Mapazia Hayuko Kwenye Kundi la Mapazia

Nilipoanza kuuza mapazia mtandaoni hapa Nairobi, nilijiunga na kila kundi la Facebook lenye neno hilo. Miezi mitatu nikabandika picha asubuhi na jioni. Siku moja nikafungua akaunti za waliokuwa wakinisifu: fundi wa Eastleigh, mwenye duka wa Kariobangi, muuza fimbo za pazia. Wauzaji watupu! Tulikuwa tunauziana hewa. Siku hizi nafuata njia hii.

Hatua ya 1: Anza na waliokwisha kununua. Zungumza na kumi hivi. Ukiuliza "Uliniona wapi?" watakujibu "mtandaoni", basi. Uliza walikuwa wakitafuta nini kwenye simu wiki ile. Mteja mmoja wa Roysambu alinifungulia simu yake nikiwa juu ya ngazi nampimia dirisha. Alikuwa ametazama TikTok vidio za nyumba za kupanga, bedsita (nyumba ya chumba kimoja) baada ya bedsita, na chini ya moja ameandika: "Hilo dirisha ni futi ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Kumbe mtu akihama, pazia hulihitaji usiku wa kwanza, hata kabla ya kochi, maana jirani wa ghorofa ya pili anamwona hadi sufuria. Kwa hiyo mteja wangu yuko kule nyumba zinakotafutwa, hasa mwisho wa mwezi.

Wewe nawe jiulize: kabla hajanihitaji, mteja wangu anahangaika na nini? Mwoka keki za harusi atafute kamati za harusi.

Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno yao. Andika walivyosema wao, si unavyosema wewe dukani. Anza kuyachapa kwenye TikTok, Facebook na Google, usimalize. Tazama mapendekezo yanayojitokeza. Kisha linganisha maneno mawili matatu kwenye Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha neno linatafutwa kiasi gani, ukichagua Kenya. Namba zake za 0 hadi 100 ni za kulinganisha tu, si idadi ya watu, usije ukapiga hesabu ya faida kwazo.

Hatua ya 3: Kaa kundini wiki moja bila kuuza. Hapa ndipo wengi huharakisha. Soma kanuni kwanza. Halafu chukua daftari uhesabu: maswali mangapi yameulizwa na watu wa kawaida? Mangapi hayajajibiwa? Matangazo ni mangapi? Kundi la watu laki moja lenye matangazo matupu ni soko lisilo na wanunuzi. Ukiona swali unaloliweza, lijibu kikamilifu, bila bei wala namba ya simu. Wenye haja watakuja wenyewe inboksi.

Hatua ya 4: Milango iliyofungwa. Makundi ya WhatsApp ya ploti (majengo ya kupanga) na mitaa huyapati kwa kutafuta. Mimi huingia kupitia keateka (msimamizi wa jengo) au mteja anayeishi pale, nikitambulishwa kwa jina. Usikusanye namba za wanakundi na kuwatumia matangazo; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kwanza. Isitoshe, watakublok.

Hatua ya 5: Pima. Kila mahali pape kiungo chake cha WhatsApp: wa.me/ kisha namba yako ikianza na 254 bila alama ya kujumlisha, halafu ?text= na ujumbe. Penye nafasi kati ya maneno weka %20. Changu cha TikTok humalizikia ?text=Nimetoka%20TikTok. Mteja akibonyeza, ujumbe unakuwa umeshaandikwa. Anatuma tu, nawe unajua katokea wapi. Mpe lebo kwenye WhatsApp Business, na akilipa ubadilishe lebo.

Fanya hivyo mwezi mzima, ukipita tarehe 1, kisha hesabu waliolipa, si waliouliza bei. Kwangu TikTok huleta kelele nyingi, lakini M-Pesa hulia zaidi kutoka kundi moja dogo la ploti ya Kasarani, ambalo keateka aliniingiza baada ya kumshonea pazia la mlango.