Stuli Moja na Mgongo Mzima: Namna ya Kuanza Gyrokinesis Nyumbani

Dereva wa matatu anayekwenda Busia na kurudi Kisumu kila siku huketi kwa saa nyingi mgongo wake ukiwa umepinda mbele, na jioni anaposhuka husimama kwanza kando ya gari, mikono kiunoni, kabla hajaweza kutembea sawasawa. Jirani yangu mmoja anafanya kazi hiyo. Alidhani mgongo wake ulihitaji mapumziko, ilhali ulikuwa umepumzika mno katika mkao mmoja; kilichokosekana ni kuzungushwa pande zote ambazo uti wa mgongo uliumbwa kwenda, yaani mbele, nyuma, kulia, kushoto, na kujisokota huku na huko.

Mazoezi ninayoyaeleza hapa yanaitwa Gyrokinesis. Yalianzishwa na Juliu Horvath, mcheza baleti mzaliwa wa Rumania aliyehamia Marekani, ambaye majeraha yake mwenyewe yalimlazimisha kutafuta njia ya kuujenga mwili upya bila kuuvunja zaidi. Mazoezi yaliyo ndugu wa karibu wa Gyrokinesis, yaani Gyrotonic, hufanywa kwa mashine ya mbao yenye kamba, puli na vizito, nayo ni ghali. Gyrokinesis huhitaji stuli na mkeka tu, na ndiyo sababu ninaipendekeza kwa mtu wa kawaida. Haina kushika mkao mmoja kwa muda mrefu kama yoga, wala kuhesabu kwa ukali kama gwaride. Tendo moja humwagikia katika lingine, na pumzi ndiyo inayoongoza.

Tuanze na stuli, kwa kuwa hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Nilimwendea fundi wa mbao karibu na soko la Kibuye nikamwagiza kigoda, naye akanipa kigoda hasa, kifupi, kama cha kukalia mtu anayekamua ng'ombe. Sikumpa kipimo, kwa hiyo lawama ni yangu. Ukikalia kitu kifupi hivyo, magoti hupanda juu ya nyonga, fupanyonga hubingirika nyuma, na kiuno hujikunja kabla hujafanya lolote. Nilifanya mazoezi kwa majuma mawili nikiwa katika hali hiyo na maumivu yakaongezeka. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako ukiwa umevaa viatu unavyotumia, kisha ongeza upana wa vidole viwili; hicho ndicho kimo cha stuli. Iwe na sehemu ya kukalia iliyo bapa na imara. Kiti cha plastiki hakifai, kwa kuwa hulegea katikati na hukusukuma uegemee nyuma.

Keti karibu na ukingo wa mbele, nyayo zote zikiwa sakafuni na miguu ikiwa imepanuka kupita mabega kidogo. Ingiza viganja chini ya makalio uisikie mifupa miwili inayobeba uzito wako, kisha uitoe mikono na uendelee kuikumbuka mifupa hiyo, maana kila tendo litaanzia hapo. Sugua mapaja, magoti, mbavu na shingo kwa viganja kwa dakika mbili hivi. Nakuru, ambako asubuhi ni baridi, ongeza muda huo maradufu. Kisumu ni afadhali umalize yote kabla jua halijakaza.

Tendo la msingi ni kutunisha na kukunja, na ukilijua hili vizuri umejua nusu ya kazi. Weka viganja juu ya magoti. Unapovuta pumzi, bingirisha fupanyonga mbele kidogo juu ya ile mifupa miwili, uiache pingili ya chini ya kiuno ifuate, kisha inayofuata, kama ushanga unaovutwa kwa uzi, hadi kifua kifunguke mbele na juu. Kidevu huinuka mwisho kabisa, tena kidogo. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kutupa kichwa nyuma na kuibana shingo huku kifua kikibaki palepale. Unapotoa pumzi, rudisha kifandugu chini yako, vuta kitovu kuelekea mgongoni, na uache mgongo uviringike hadi ufanane na mtumbwi uliofudikizwa ufukweni Dunga. Mikono isisukume magoti bali iyavute kidogo, ili nafasi ya katikati ya mabega ipanuke. Fanya mara 6, polepole kiasi kwamba pumzi haikatiki.

Baada ya hapo inua mkono mmoja na uegemee upande, ukiyaacha makalio yote mawili yakiwa yamekaa imara. Mara 4 kila upande zinatosha.

Kujisokota kunahitaji maelezo zaidi. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifuani na 5 za kiunoni. Hizo 5 za kiunoni zimeundwa kuinama na kuinuka, lakini huzunguka kidogo sana, na anayelazimisha kiuno kizunguke anatafuta jeraha. Kwa hiyo refuka kwanza, kama mtu anayebeba mtungi kichwani, ndipo ugeuze mbavu, kisha mabega, kisha macho. Ukishazoea, unganisha kila kitu kuwa duara: egemea kulia, kunja mgongo, pita kushoto, tunisha kifua, rudi kulia. Duara liwe dogo. Nguvu hutokana na kuliongoza duara hilo bila mtetemo mahali popote, si kutokana na ukubwa wake, jambo ambalo vijana wa jimu hulikubali kwa shida.

Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye mifupa iliyodhoofika, mjamzito, au mwenye maumivu yanayoshuka mguuni, na amwone kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa kuwa huenda akahitaji kuacha kabisa kukunja mgongo kwa muda. Na mtu anayepata ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kudhibiti mkojo au choo, au ambaye mguu umelegea ghafla, asijaribu zoezi lolote; aende hospitali saa hiyohiyo. Kwa wengine, kipimo ni rahisi: misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida, lakini uchungu mkali au unaochoma wakati wa tendo ni amri ya kupunguza duara au kuacha.

Dakika 15 mara nne kwa juma zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Jirani yangu hana hata hizo dakika 15 kwa mpigo mmoja, kwa hiyo hugawa: asubuhi hufanya duara nyumbani, na akiwa steji akisubiri matatu ijae, husogea ukingoni mwa kiti chake, huweka viganja magotini, na hutunisha na kukunja mara 6 kabla makanga hajapiga bodi kumwambia waondoke.