Mtoto atalelewa kwao na mama yake, wewe unakaa kwingine: mambo ya kuzingatia kabla hajazaliwa

Wengi wetu tunajiandaa kwa hela ya pampasi tu, ukishatuma na ya kutolea juu unaona umemaliza. Mimi wa kwanza alizaliwa Morogoro kwa bibi yake na mimi nipo Dar, nikaenda kumuona ana miezi mitatu, nimebeba mfuko wa nguo nzuri kweli, kumpokea tu akaangua kilio mpaka jirani akachungulia, na nguo zenyewe zilikuwa za kichanga hazikupita hata kichwani. Alikuwa hanijui, ndo hivyo.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni bibi. Kama hujajitambulisha kwao nenda mimba ikiwa bado ndogo, wakisema faini lipa usibishane sana, maana mlango utakaogonga ni wake na yeye ndo atakuwa anamwogesha mtoto, anajua saa ngapi analala. Ukitaka kwenda piga simu mapema, "shikamoo mama, naweza kuja Jumamosi?", usimtumie meseji mzazi mwenzio ukiwa ushafika stendi.

Kazini pia ongea na bosi mapema. Sheria ya kazi ya 2004 inampa baba angalau siku 3 za malipo, na zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, sasa kama uko mkoa mwingine siku mbili zinaishia kwenye basi, bora uwe umeweka akiba ya likizo ya mwaka.

Hapa nataka nikae kidogo. Usipange kwenda mara moja kwa mwezi ukashinda siku nzima, mtoto mchanga hakumbuki hivyo, bora masaa mawili kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na ufike kufanya kazi siyo kukaa kwenye kochi unapiga picha: kubadilisha nepi, kumweka begani akishanyonya umpigepige mgongo abeue. Kama hela ya nauli inabana, funga safari zako na chanjo, yaani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 ya surua. Siku hiyo kadi ya kliniki unashika wewe, mama apumzishe mikono, na uzito wa mtoto utausikia mwenyewe nesi akiutaja badala ya kuulizia kwenye simu.

Kumchukua akalale kwako sahau kwanza, miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapewi.

Cheti cha kuzaliwa kubalianeni jina mapema, usajili ni ndani ya siku 90, na kama hamjaoana nenda mwenyewe, usisubiri jina lako kama baba liandikwe ukiwa haupo.

Mkigombana (mtagombana) usikate matumizi ili umkomoe, anayekosa ni mtoto. Nenda ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba hata mahakamani apangiwe muda wa kumuona mwanae.

Afu kuna vidogo hivi: pafyumu usipake siku hiyo, sigara ndo kabisa, na kucha kata kabla hujapanda basi, mimi bibi alinishika vidole mlangoni akanitafutia wembe.