Klorini ya maji ya nyumbani na ya kuku: anza na lebo

Mvua za Novemba zikishika Kigoma, mito ya Malagarasi na Luiche hujaa tope, na visima vifupi vya mabondeni hupokea kila uchafu unaoletwa na maji ya juu. Hapo ndipo klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, inapotafutwa, na hapo ndipo watu wanapokosea, maana wengi huchota kijiko bila kujua unga una nguvu kiasi gani.

Soma lebo. Unga wa klorini (kalsiamu haipokloraiti) huwa na asilimia 65 hadi 70 ya klorini. Ile ya maji ya kufulia, ambayo wengi huiita jiki, mara nyingi ni asilimia 3.5 au 5. Yenye manukato au rangi iache kwenye nguo.

Tengeneza kwanza mchanganyiko mama, yaani ule mkali utakaochota kidogo kidogo, wa asilimia 1. Ukitumia unga, pima gramu 15 kwa lita moja ya maji safi. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa hukaribia hapo, lakini mizani ndogo ni bora. Kwa jiki ya 3.5, sehemu moja kwa sehemu mbili na nusu za maji. Ya 5, moja kwa nne. Fanyia kazi nje, vaa glavu, simama upepo ukikupiga mgongoni. Tia unga ndani ya maji, usimwage maji juu ya unga: hupata joto na kuruka usoni. Tumia chombo cha plastiki, kwa kuwa bati huliwa na klorini nayo klorini hupungua nguvu. Koroga kwa mti mkavu, acha saa moja, kisha mimina maji ya juu tu. Masimbi meupe ya chini ni chokaa.

Usichanganye na siki, limau, mkojo wala dawa ya choo, kwani hutoka gesi inayobana kifua. Unga wenyewe usiuweke stoo moja na mbolea, dizeli au mafuta ya taa, kwa sababu ukikutana navyo unaweza kuwaka wenyewe. Mchanganyiko mama uweke kivulini, umefunikwa, na kwa joto letu tengeneza mpya kila wiki.

Kipimo cha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu ni mililita 4 za mchanganyiko mama, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kifuniko cha chupa, maana vifuniko havilingani. Maji ya tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie mililita 8. Ukitia klorini kwenye tope, tope ndilo litakaloila, na vijidudu vitabaki. Subiri nusu saa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya juu, karibu 9, na hapo klorini hufanya kazi polepole. Wanaochota ziwani wasubiri saa moja.

Usikisie chanzo kipya. Jaza ndoo nne za lita 20, tia mililita 2, 4, 6 na 8, subiri, kisha pima kwa kipima klorini. Ndoo inayobaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita ndiyo kipimo chako. Rudia mvua kubwa ikinyesha.

Kwa kuku, kwanza sugua vinyweshea kwa sabuni, utelezi utoke, kisha loweka kwa mchanganyiko mama uliozimuliwa sehemu moja kwa tisa za maji, na suuza. Chanjo hai (yenye virusi hai) ya mdondo, yaani kideri, ikitolewa kwenye maji ya kunywa, sitisha klorini siku moja kabla na siku moja baada, kwani klorini huua chanjo kama inavyoua vijidudu. Ikitolewa kwa tone la jicho, maji ya klorini hayana shida.