Kugeuza fremu ya nguo kuwa mgahawa

Kabla hujalipa kodi ya pango, funua chemba, yaani shimo la kukagulia maji machafu, iliyo nyuma ya jengo. Fremu ya nguo mara nyingi haina bomba la maji machafu, na hapo ndipo bajeti huvunjika, maana sakafu itabidi ichimbwe. Laza bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita 1. Likilala bapa, mafuta huganda ndani na maji hurudi jikoni saa ya chakula cha mchana, meza zote zimejaa. Kati ya sinki na chemba weka mtego wa mafuta, yaani kisanduku kinachonasa mafuta ya maji ya jikoni, mahali unapofunguka kwa urahisi, kwani utasafishwa mara kwa mara. Maji ya choo yasipite humo kamwe.

Oveni na friji kubwa huelemea nyaya zilizowekwa kwa taa na feni. Fundi mwenye leseni ajumlishe wati za vifaa vyote. Ukihitajika umeme wa fezi tatu, yaani wa kubeba mzigo mkubwa, omba TANESCO, shirika la umeme, mapema. Mitungi ya gesi ikae nje, wima, penye hewa.

Ruhusa ya mwenye jengo iwe ya maandishi, itaje kuchimba sakafu na kutoboa ukuta ili kupitisha bomba la moshi. Bwana afya aone mchoro kabla vigae havijabandikwa.